Dakika Nne za Kiguu na Njia

Jina lake halisi lilibaki kwenye kitambulisho cha kazi. Mtaani, ofisini, hata kwa mawifi zake, aliitwa Kiguu na Njia, na hakuna aliyekumbuka nani alianza. Alikuwa msomaji wa mita za maji kwa miaka kumi na tisa. Asubuhi alichukua daftari la njia yake, akalibana kwapani, akatoka. Ikifika saa nane mchana alikuwa ameshapita milango mia na ushee, amefunua mifuniko, amefuta tope kwenye vioo vya mita kwa kitambaa alichokifunga kiunoni, na ameandika tarakimu. Alijua mbwa yupi hubweka tu na mbwa yupi hung'ata kimyakimya. Alijua mwenye nyumba anayeegesha gari juu ya mita makusudi. Wenzake walilalamikia jua na vumbi. Yeye alilalamikia siku za mapumziko. Jumapili alizunguka uani kama kuku anayetafuta pa kutagia, akihamisha ndoo, akipanga upya vyungu vya maua alivyovipanga jana yake, mpaka mumewe amwambie kwa upole kwamba hata ardhi huchoka kukanyagwa.

Huyo mumewe alikuwa kinyume chake. Alikuwa fundi wa kutengeneza vyerehani, si wa kushona nguo, na alikwishachoka kuwaeleza watu tofauti hiyo. Watu walimwita Fundi, na mkewe naye alimwita hivyo hivyo. Alikaa chumba cha mbele kwenye kigoda chake, na aliweza kutafuta hitilafu moja ndani ya mashine moja tangu asubuhi hadi adhuhuri bila kubadili mguu. Watu wakiuliza wawili hao wanaishije pamoja, Fundi alijibu kwamba nyumba inahitaji mtu wa kutoka na mtu wa kubaki. Wote wakitoka, nani atafungua mlango? Binti yao mmoja alikuwa ameolewa mji mwingine. Walikuwa wamebaki wawili.

Kilichompata Kiguu na Njia hakikuwa na kishindo. Asubuhi moja baada ya mvua alikuta mfuniko wa zege umenasa kwenye tope. Aliuvuta mara ya kwanza ukagoma. Mara ya pili ukagoma. Mara ya tatu akauvuta kwa hasira huku amejipinda, akahisi kitu kiunoni kama uzi unaokatika. Alibaki ameinama, mkono mmoja ukutani, mpaka mama wa nyumba ile akatoka kumwuliza kama tarakimu hazionekani. Alizisoma, akaziandika, kisha akaenda nyumba nyingine tatu. Ndivyo alivyokuwa.

Daktari alisema msuli umeshtuka, utatulia; apumzike siku mbili tatu, kisha aanze kutembea kidogo kidogo. Hicho kidogo kidogo kilimshinda. Ama alilala kwa hofu, ama aliinuka na kufanya kila kitu. Wiki sita zikapita, kisha miezi sita, kisha mwaka. Maumivu yalianzia kiunoni, yakateremka kwenye paja la kushoto hadi nyuma ya goti, na hayakuwa na adabu ya mgeni: hayakubisha hodi wala hayakuaga. Siku nyingine yalikuwa moto, siku nyingine kama jino bovu lililopotea njia likaishia mguuni. Akikaa yanamwinua, akisimama yanamkalisha, akilala yanamgeuza. Hakujua aupeleke wapi mwili wake.

Zikaanza safari za hospitali, bahasha ya picha za eksirei kwapani mahali pa daftari. Kila daktari aliziinua kwenye mwanga, akasema uti wa mgongo umechakaa kidogo kama wa mtu yeyote wa umri wake, hakuna kilichovunjika, hakuna kinachobana. Wa kwanza alimpa vidonge. Wa pili alivibadilisha. Wa tatu alimwambia apunguze mawazo. Alitoka kwa huyo wa tatu akitamani picha zile zingekuwa na ufa, kivimbe, chochote cha kuwaonyesha watu, kwa maana maneno yalikuwa yameanza. Kazini walimhamishia chumba cha kumbukumbu, apange mafaili mezani, na kukaa mezani ndiko kulikomwua. Aliinuka kila baada ya muda mfupi, akazunguka meza, akaegemea kabati, akarudi, akainuka tena. Msimamizi wake, mtu wa haki lakini asiyependa jambo asilolielewa, alimwuliza siku moja imekuwaje kiti kinamshinda, lakini kwenda msalani anakwenda mbio. Kiguu na Njia alirudi kwenye mafaili. Alijua tu kwamba angekuja na mkongojo na bandeji, kila mtu angempisha.

Na kila mtu alikuwa na dawa. Jirani alileta mafuta. Shemeji alimshauri alale sakafuni. Wifi akamwapia asilale sakafuni kamwe. Alikwenda kwa mkandaji, akarudi na maumivu mapya begani. Alijaribu yote kwa zamu, kwa kuwa kujaribu ni kwenda mahali, na yeye asipokwenda mahali hupasuka.

Fundi naye aliishika nyumba. Alianza kwa kufua, akaongeza kupika, kisha akawa anamletea maji kabla hajasema ana kiu. Alimshika mkono kuvuka kizingiti cha chumba chao wenyewe. Kijiko kikianguka, kabla mkewe hajainama Fundi alikuwa ameshakiokota. Na kila asubuhi, macho hayajafumbuka sawasawa, swali lilikuwa lile lile: umeamkaje, kiuno kimepungua kuuma? Lilikuwa swali la mapenzi, naye alilichukia kuliko vidonge. Lilimtuma aende kuyatafuta maumivu yake kabla hajajua kama nje kuna jua au mvua, na kila alipokwenda kuyatafuta aliyakuta. Akawa anajibu kwamba kimepungua, ili mwenzake apate amani, na baada ya kusema hivyo ilimbidi ajifiche.

Alijificha kwa vidonge. Viwili vikawa vitatu, vitatu vikawa vitano. Alinunua vingine duka la dawa la mtaa wa pili, vingine la mtaa wa tatu, asiulizwe, akavichanganya kwenye kopo moja ndani ya mkoba. Mchana mmoja, akiwa chumba cha kumbukumbu, alishikwa na kizunguzungu, akawahi msalani, akatapika vitu vyeusi kama unga wa kahawa uliolowa. Msimamizi, yule yule wa swali la msalani, ndiye aliyemkuta ameketi sakafuni, na ndiye aliyemwingiza kwenye gari la ofisi na kuliendesha mwenyewe hadi hospitali.

Tumbo lilikuwa na vidonda na lilikuwa linavuja damu. Alilazwa siku tano. Daktari wa wodi, mwanamke wa makamo mwenye sauti ya polepole, alilimimina kopo lile kwenye sahani ya chuma mbele ya Fundi, akavitenga vidonge kimoja kimoja. Akawaonyesha kwamba aina tatu kati ya zile, zenye rangi tofauti na majina tofauti, ni ndugu wa tumbo moja, na kazi yao zikizidishwa ni kulichubua tumbo kwa ndani. Fundi alivitazama vile vidonge kama mtu anayetazama nyayo za mwizi ndani ya nyumba yake. Daktari hakugomba. Aliuliza tu kama kuna mtu aliyewahi kukaa naye akamweleza maumivu yake ni kitu gani. Hakuwapo. Basi akamwandikia karatasi ya kliniki ya maumivu sugu, kila Alhamisi, nyuma ya jengo la maabara.

Kilikuwa chumba kimoja chenye vitanda viwili vyembamba, viti vya plastiki na saa kubwa ya ukutani. Mtaalamu wa viungo alikuwa na umri wa binti yao, amevaa raba, kucha amezikata fupi. Aliwaamkia wote wawili, akavuta kiti, na bahasha ya picha hakuigusa. Aliuliza kwanza kuhusu kazi. Kiguu na Njia, ambaye kwa mwaka na nusu alikuwa akiulizwa habari za kiuno tu, alijikuta anaeleza mifuniko, mbwa na vioo vyenye ukungu, akisimama, akikaa, akisimama tena, wala hakuna aliyemwambia atulie. Mtaalamu alimsikiliza, kisha akamwuliza kama mita inaweza kukosea.

"Mara nyingi," alisema. "Maji yakikatika halafu yakarudi, hewa inajaa kwenye mabomba. Koki zote za nyumba zimefungwa, na mita inazunguka."

"Mwenye nyumba akikuambia mita inazunguka, anasema uongo?"

"Hasemi uongo. Inazunguka kweli, nimeiona kwa macho yangu."

"Na kuna maji yanayovuja?"

Kiguu na Njia alikaa. "Hayapo," alisema.

Ndipo mtaalamu akamweleza. Jeraha la siku ile lilikuwa la kweli, na lilikwishapona zamani. Lakini mishipa ya fahamu iliyokuwa ikipeleka habari za jeraha imebaki macho, imezoea kupiga ukelele kwa jambo dogo. Maumivu yake ni ya kweli, hajitungii, ila si alama kwamba kuna kinachokatika kila anapoinama. Usingizi mbaya huyazidisha. Hofu huyazidisha. Kulala kitandani siku nzima huyazidisha, na kukimbia kupita kiasi vilevile. Hakuahidi kuyaondoa. Alisema watu wengi hupata nafuu, mwingine kubwa na mwingine ndogo, na mara nyingi shughuli za mtu hurudi kabla maumivu hayajaondoka. Kiguu na Njia hakujua kama acheke au alie. Alikuwa amezunguka hospitali ngapi akingoja mtu aseme lile neno moja: kweli.

Kisha akapewa dawa yake: dakika nne. Atembee dakika nne asubuhi na nne jioni, kwa saa ya kengele, siku nzuri na siku mbaya sawasawa. Saa ikilia, asimame, hata kama mguu unamwambia twende.

"Mwanangu," alisema Kiguu na Njia, "dakika nne sijafika hata getini."

"Basi, mama, usifike getini."

Mtaalamu akamgeukia Fundi, aliyekuwa karibu na mlango na mkoba wa mkewe magotini, akamwuliza kama analala. Fundi alijibu kwamba analala vizuri tu. Akaulizwa zamani alikuwa akifanya nini Jumamosi mchana. Alikuwa akicheza dama kwa kinyozi. Na sasa? Sasa nafasi hana. Mtaalamu aliandika kwenye karatasi ile ile ya mgonjwa, chini ya zile dakika: Fundi, dama, Jumamosi. Fundi aliitikia kwa kichwa. Jumamosi ile hakwenda.

Kwa wiki mbili mkewe alitii. Dakika nne zilimtukana. Saa ndogo ya kengele ikilia mfukoni alisimama katikati ya barabara kama mbuzi aliyefika mwisho wa kamba, na watu wakamwuliza amepoteza nini. Siku ya kumi na tano aliamka mwepesi. Mguu ulikuwa kimya. Fundi alikuwa ametoka kupeleka mashine kwa mteja. Mkewe alivaa viatu vyake vya kazi, akaiacha saa mezani, akasema atafika kwenye kona. Kwenye kona akasema atafika dukani. Alipozinduka alikuwa kwenye njia yake ya zamani, watu wanamwita kutoka milangoni, wanauliza alipotelea wapi, mama mmoja anamsimulia kwamba msomaji mpya hata hashuki chini, anasoma mita akiwa juu ya pikipiki. Alicheka mpaka mbavu zikauma, na yalikuwa maumivu matamu. Alitembea saa mbili. Aliinamia hata shimo moja, kwa mazoea. Aliporudi nyumbani alipika, akafua na mapazia.

Kesho yake hakuweza kujigeuza kitandani. Kesho kutwa pia. Siku ya tatu Fundi aliingia na bakuli la uji, akakaribia kumwinua kichwa, na mkewe akalipuka. Alisema yule binti wa kliniki amemdanganya. Alisema dakika nne ni mzaha wa watu wasiojua kuumwa. Alisema yeye Fundi amemgeuza mtoto mchanga, anamfuata kama kivuli, na si ajabu mwili umesahau kazi yake. Akausukuma mkono wake, bakuli likapinduka, uji ukamwagika kwenye shuka.

Fundi hakukimbilia kitambaa. Hilo lilimshtua zaidi ya uji. Alikaa kwenye ukingo wa kitanda, akaangalia ukutani.

"Nimechoka," alisema.

Katika miaka ishirini na sita ya ndoa, mkewe hakuwahi kulisikia neno hilo kutoka kwake.

"Nimechoka, mke wangu. Silali. Ukigeuka naamka, usipogeuka naamka kusikiliza kwa nini hujageuka. Juzi nimepitisha sindano kwenye kidole changu, mimi, na kazi ya miaka thelathini. Mashine naweza kuifungua yote, nikaipanga mezani, nikaona kinachogoma. Wewe siwezi kukufungua. Ndiyo maana naleta maji."

Alikitoa kidole. Kilikuwa kimevimba, kimefungwa kipande cha kitambaa cha kufutia mafuta ya mashine.

"Mbona hukuniambia?"

"Wewe unaumwa. Nianzie wapi kukuambia?"

"Ungeniambia tu," alisema. "Ningekuwa na la kufanya."

Uji ulikauka kwenye shuka wakiongea. Mkewe alimtuma alete maji ya moto, chumvi na kitambaa safi, na akiwa amelala kiubavu akakiosha kidole kile, akakifunga upya, polepole, akikataa kusaidiwa. Ilimchukua muda mrefu na kiuno kilimsuta. Tangu siku ya mfuniko, ilikuwa mara ya kwanza kumhudumia mtu. Kisha wakakubaliana. Fundi asiulize tena kama kimepungua. Aulize leo wanafanya nini. Yeye akitaka msaada aombe kwa mdomo, na asipoomba Fundi akae, hata kikianguka kijiko. Yeye aache kusema uongo wa kumfurahisha mtu. Na Jumamosi iwe Jumamosi.

Mapatano hayakuzoeleka kwa siku moja. Kijiko kilipoanguka Fundi alinyanyuka nusu, akakumbuka, akakaa, mikono yake ikicheza magotini kama ya mtoto aliyekatazwa sukari. Mkewe alitumia muda kukiokota, akajishika mezani, akasema maneno yasiyofaa, lakini alikiokota. Alhamisi iliyofuata alimwambia mtaalamu ukweli wote, mapazia na yote, akingoja kusemwa. Mtaalamu alisema karibu kila mgonjwa hufanya hivyo siku ya kwanza nzuri, akamrudisha dakika tatu.

Dakika tatu zikawa nne, nne zikawa tano. Iliongezwa moja kwa wiki ikiwa wiki imepita kwa utulivu, na wiki nyingine hazikupita kwa utulivu. Daktari alimpa dawa nyingine ya kutuliza mishipa, kipimo kidogo cha jioni, akamwonya asiongeze wala asiache ghafla bila kuuliza. Maumivu yalipopanda, na yalipanda, alijifunza kutokimbilia duka la dawa wala kujitupa kitandani siku tatu. Alipunguza shughuli nusu, akaweka chupa ya maji ya moto kiunoni, akavuta pumzi kwa hesabu kama alivyofundishwa, akamwambia Fundi kwamba leo ni siku mbaya. Neno hilo lilimtoka kwa shida, lakini likishatoka chumba kilikuwa na watu wawili tena. Kutulia hakukuwa kwake. Bado alizunguka, ila sasa alizunguka kwa kipimo, na kipimo kilimkera kila siku.

Kazini alipeleka barua ya kliniki. Msimamizi aliisoma mara mbili asiielewe, mpaka Kiguu na Njia alipomweleza habari za hewa kwenye bomba. Huyo mtu alikuwa amejibu malalamiko ya mita za namna hiyo kwa miaka kumi. Aliiweka barua chini, akasema kwa hiyo inazunguka kweli. Wiki hiyo hiyo aliagiza meza ya Kiguu na Njia iinuliwe kwa matofali, afanye kazi akiwa amesimama akitaka, na baada ya miezi mitano akamrudishia mitaa miwili ya karibu, asubuhi tu. Fundi alimtengenezea kulabu ndefu kutoka kwenye fremu ya cherehani kuukuu, afunue mifuniko bila kujipinda. Ya kwanza ilikuwa fupi. Ya pili ilipinda. Ya tatu iliwafanya wasomaji wengine sita waje chumba cha mbele kuagiza za kwao, na Fundi akalalamika kwamba sasa watu wataacha kumwita fundi wa kushona waanze kumwita mhunzi.

Siku hizi anasoma mita thelathini, si mia. Siku nyingine kumi na mbili. Siku nyingine hatoki kabisa, na siku hizo humtia uchungu. Hupita dirishani mara nyingi, akamhesabia mwenzake anayepita na daftari kila kosa la mwendo. Fundi hucheza dama kila Jumamosi, hushindwa, na hurudi akimsema kinyozi kwamba hana huruma na wageni.

Alhamisi iliyopita alikuwa kliniki, amesimama kwenye korido kwa sababu kiti kilikwishamchosha, alipoingia dereva wa lori, mtu mnene mwenye hasira, bahasha ya picha mkononi na mkewe nyuma yake. Dereva alimwuliza amekuwa akija hapa kwa muda gani. Alimwambia mwaka wa pili. Akamwuliza kama bado anaumwa. Akamwambia ndiyo, hata sasa hivi.

"Sasa unakuja kufanya nini?"

Lilikuwa swali la haki, na jibu lake lilikuwa refu. Kiguu na Njia alimtazama mke wa dereva. Alikuwa ameegemea ukuta, macho mekundu, khanga moja ameifunga kinyume bila kujua. Akamwuliza kama ametia kitu tumboni tangu asubuhi. Yule mama akatikisa kichwa. Basi akamwambia kuna mahali pa chai upande wa pili wa hospitali, si mbali, mwendo wa dakika sita, waende. Mzee wake atawashikia foleni. Mama yule akamtazama mumewe. Dereva akahamia kiti cha mbele, akaweka bahasha yake kwenye kiti cha pili na kofia yake kwenye cha tatu, na mtu aliyefuata alipotaka kukaa akamwambia nafasi hizo zina wenyewe.